Kwa nini Kiswahili kiachwe chini ya ngazi?

Likizo ya Agosti kwa kawaida hunikuta Isiolo. Shughuli zangu huko ni za kikazi: huwasikiliza watu wakizungumza, nikanakili wasemayo, kisha nikarejea chuoni kuwafundisha wanafunzi wangu kwa malipo yale ambayo mimi nilifundishwa bure. Lakini sitamficha msomaji ukweli wa pili. Hupenda pia kula Isiolo. Mji huu ulio yapata kilomita 285 kaskazini mwa Nairobi una meza ambazo sijaona mfano wake kwingineko nchini, na siku hizi meza hizo zimeanza kupanda juu. Majengo ya ghorofa yameota kando ya barabara kuu. Juu ya baadhi yake, mahali palipozoeleka kuwekwa matangi ya maji na kamba za kuanikia nguo, sasa pana viti, miavuli, taa za rangi na muziki.

Sina ugomvi na starehe hiyo. Isiolo ni mji wa joto na vumbi, na mtu aliyeshinda juani kutwa anapopanda ngazi jioni akapigwa na upepo hahitaji kuhubiriwa faida ya kukaa juu. Ukiwa huko unaiona minara ya misikiti, unayaona malori ya mifugo yakiingia kutoka kaskazini, na upande mwingine unaviona vilima vya Nyambene vikigeuka rangi jua linapotua. Katika ukumbi nilioketi hapakuwa na pombe, kwani mwenyewe aliuheshimu mji wenye Waislamu wengi. Tulikunywa maji ya maembe na chai ya tangawizi. Chakula kilikuwa kizuri. Hata hivyo niliteremka usiku huo nikiwa na uchungu moyoni, na uchungu huo ndio ulionikalisha kuandika makala haya.

Kisa chenyewe ni hiki. Meza ya pili kutoka yangu aliketi mzee mmoja wa Kiborana, mfanyabiashara wa ng'ombe, akifuatana na mwanawe ambaye muda wote alikuwa kwenye simu. Mhudumu, kijana aliyemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia na ambaye alikuwa akitafuta karo ya chuo, alimjia mzee kwa adabu akamwambia, "Karibu mzee wangu. Nikuletee nini?" Kabla mzee hajajibu, msimamizi wa ukumbi alimwita kijana kando. Ilikuwa kando kwa jina tu, kwani sote tulisikia. Alimkumbusha, kwa Kiingereza, kwamba pale juu wageni huhudumiwa kwa Kiingereza, na kwamba asiyekiweza ashuke akauze chai chini. Kijana akarudi. Akaanza upya, kwa Kiingereza cha kukariri, kumtajia mzee aina za vinywaji. Mzee alimtazama hadi mwisho, kisha akanigeukia mimi, nadhani kwa sababu ya miwani yangu, akanisogezea orodha ya vyakula.

"Mwalimu, hii karatasi inasema nini?"

Nilimsomea. Palikuwa na mbavu za mbuzi za kubanika. Palikuwa na nyama ya ng'ombe iliyokatwa vipande vidogo ikakaangwa kwa vitunguu na pilipili hoho. Palikuwa pia na nyirinyiri, ile nyama inayokatwa nyuzinyuzi, ikaanikwa, ikakatwa tena na kukaangwa katika mafuta mpaka iweze kukaa siku nyingi bila kuoza, chakula cha wafugaji na wasafiri. Hiyo ilikuwa imenyang'anywa hata jina lake, ikapewa maelezo marefu ya Kiingereza kana kwamba ni kitoweo kilichoteremshwa jana kutoka ng'ambo.

Mzee alicheka sana. "Kumbe ni mbuzi yetu tu," alisema. "Imepanda ngazi, sasa inaongea Kizungu."

Nilicheka naye, lakini si kwa muda mrefu. Nilikumbuka kwamba nusu saa iliyotangulia mimi mwenyewe, mwenye shahada ya uzamifu katika isimu, mtu anayelipwa mshahara kwa ajili ya lugha, nilikuwa nimeagiza chakula changu kwa Kiingereza. Hakuna aliyenilazimisha. Asubuhi ya siku ile ile nilikuwa nimekula anjera na kunywa chai ya maziwa ya ngamia katika hoteli ya mabati karibu na kituo cha magari, na pale niliagiza kwa Kiswahili bila kufikiri. Kilichobadilika baina ya asubuhi na jioni ni vidato vya ngazi tu.

Wanaisimu tuna kisa mashuhuri cha ghorofa. Mwezi Novemba 1962 mtafiti kijana aitwaye William Labov aliingia katika maduka matatu makubwa ya New York: Saks, duka la matajiri, Macy's, la watu wa wastani, na S. Klein, la wenye pato dogo. Katika kila duka aliwauliza wafanyakazi mahali zilipo bidhaa ambazo yeye alikwisha kujua kuwa ziko ghorofa ya nne, ili awasikie wanavyoitamka sauti ya r katika jibu lao. Wakishajibu, alijifanya hakusikia vyema ili warudie. Aliwasikiliza wafanyakazi 264 kwa njia hiyo ya hila, na matokeo aliyoyachapisha mwaka 1966 yangali yakisomwa katika vyuo vyote vinavyofundisha isimu jamii. Kadiri duka lilivyokuwa ghali, ndivyo r ilivyosikika zaidi. Wauzaji wale hawakuwa matajiri hata kidogo. Waliazima fahari ya wateja wao wakaitia kinywani.

Nimekifundisha kisa hicho miaka mingi, na kila mara wanafunzi hucheka kwa kuwaona Wamarekani wale kama watu wa ajabu. Sasa naona kwamba tuliyepaswa kumcheka ni sisi. New York ilibadilika sauti moja. Isiolo imebadilika lugha nzima, na mteja ndiye aliyeachwa bila kuelewa.

Ili msomaji apate kufahamu kilichopotea pale, yafaa nimweleze Isiolo ni mji wa namna gani. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, serikali ya kikoloni iliwapa makazi hapa askari wa Kisomali waliokuwa wamelitumikia jeshi la Waingereza. Waliwakuta wafugaji wa Kiborana, wa Kisamburu na wa Kiturkana, na upande wa juu wakulima wa Kimeru. Baadaye wakaja Warendile, Wasakuye na wengine wengi. Kwa mtu wa taaluma yangu huo ni utajiri wa ajabu. Kiborana na Kisomali ni lugha za Kikushi. Kisamburu na Kiturkana ni za Kiniloti. Kimeru ni lugha ya Kibantu, ndugu wa Kiswahili. Jamii tatu za lugha ambazo hazina uhusiano wa nasaba zinakutana kwenye benchi moja, zikipishana mikono juu ya sinia moja, katika kaunti ambayo kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019 ilikuwa na watu 268,002 tu.

Tena mji huu ulikuwa mlango. Sheria ya mwaka 1902 iliipa serikali uwezo wa kuzifunga wilaya za pembezoni, na kaskazini ikafungwa kwa miongo mingi, mtu asiingie wala kutoka bila kibali. Uhuru haukuufungua mlango huo mara moja, kwani vilifuata vita vya shifta, na sheria za hali ya hatari zikadumu hadi mwaka 1991. (Wanafunzi wangu wanaopita Barabara ya Wabera jijini Nairobi wakitafuta chakula cha mchana, ni wachache sana wanaojua kwamba jina hilo ni la Daudi Dabasso Wabera, aliyeuawa kwa risasi mwezi Juni 1963 akiwa mkuu wa wilaya ya Isiolo.) Kwa miaka mingi lami nayo iliishia hapa. Aliyekuwa akienda Marsabit au Moyale alisubiri lori lijae, kisha akapanda juu ya mizigo na kushika vyuma. Alisubiri wapi? Hotelini. Dereva alisubiri hotelini, polisi, mwalimu aliyepewa uhamisho, mchuuzi wa miraa kutoka Nyambene, mama mwenye madumu ya maziwa ya ngamia. Saa nyingi za kungoja, chai nyingi, na lugha moja ya kuagizia chai hiyo. Ndivyo Kiswahili kilivyomea Isiolo, zaidi ya kilivyopandwa darasani.

Najua walimu wenzangu watasema nini juu ya Kiswahili hicho. Mmoja wa shule ya upili alinilalamikia kwamba wanafunzi wake humwandikia "maji hii" na "mbuzi mingi" na "kitabu yangu," na kwamba ugonjwa huo wameupatia hotelini. Sikatai kwamba katika insha ya mtihani hayo ni makosa, na kazi ya mwalimu ni kuyasahihisha. Lakini yafaa ajue chanzo chake. Lugha za Kikushi hazina ngeli kama zetu. Huyagawa majina katika ya kiume na ya kike. Msemaji wa Kiborana anapokutana na ngeli zetu zote kwa mpigo hufanya lile ambalo wajifunzao lugha hufanya kote duniani: huchukua upatanisho mmoja au miwili akautumia kila mahali. Huo si uvivu wala utovu wa akili. Mzee yule alisema "mbuzi yetu" nami nikamwelewa pasipo shaka yoyote. Upatanisho wa kisarufi kijana ataufunzwa shuleni. Ujasiri wa kumsemesha mtu usiyemjua, wa kabila jingine, ukamwita mzee wangu au mama au ndugu, huo shule zetu haziufundishi vya kutosha. Hoteli ndizo zinazoufundisha.

Hapa ndipo lilipo jambo ambalo sikulisema nilipokuwa nikikisimulia kisa. Kijana yule mhudumu ni Mturkana. Nililijua hilo baadaye, tulipozungumza. Hakijui Kiborana, na mzee hakijui Kiturkana. Wakazi wa Isiolo hawahitaji kukumbushwa machafuko ya mwaka 2011 na 2012, ambapo Waturkana na Waborana walikuwa miongoni mwa jamii zilizomwagiana damu na kuchomeana nyumba. Kijana alikuwa mtoto wakati huo. Basi anaposimama mbele ya mzee wa Kiborana akamwambia "Karibu mzee wangu," kuna mengi ndani ya maneno hayo matatu. Mwanaisimu Carol Myers-Scotton, ambaye alichunguza mazungumzo ya watu wa Nairobi na kuchapisha kitabu chake mwaka 1993, alieleza kwamba mtu anapochagua lugha huwa amechagua pia uhusiano, yaani haki na wajibu baina yake na yule anayemsemesha. Kwa Kiswahili kijana alikuwa amejifanya mwana, akampa mzee cheo cha baba. Kwa Kiingereza cha kukariri alibaki kuwa mtumishi na mzee akabaki kuwa mgeni asiyejua kusoma. Msimamizi alidhani anasahihisha huduma. Kumbe alikuwa amelivunja daraja ambalo hakulijenga yeye.

Huenda mtu akaniuliza: na Kiborana je, na Kiturkana? Mbona unakililia Kiswahili, ambacho nacho kimezikalia lugha hizo? Ni swali la haki. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini vile vile inaitaka serikali iendeleze na kulinda lugha za wananchi. Ningefurahi kuona mzee akihudumiwa kwa Kiborana na mhudumu anayekijua. Usiku ule hakuwapo. Palikuwa na njia moja tu ya kuwafikisha wawili hao kwa kila mmoja, nayo ikafungwa kwa amri.

Wengine watajibu kwamba Isiolo inatazamia watalii. Ni kweli. Hifadhi za Samburu, Buffalo Springs na Shaba ziko karibu, uwanja wa ndege ulifunguliwa mwaka 2017, na lami sasa inakwenda mpaka Moyale, safari ya kilomita zipatazo 500. Mgeni kutoka Ujerumani au Japani hana budi kusomewa kwa lugha anayoielewa. Nani amekataa? Andikeni Kiingereza, ongezeni na Kijerumani mkipenda. Ninachouliza ni kwa nini Kiswahili kiondolewe ili Kiingereza kipate nafasi, kana kwamba karatasi ina upande mmoja. Usiku niliosimulia habari zake sikuona mtalii hata mmoja pale juu. Tulikuwa Wakenya watupu tukihudumiwa kama wageni katika nchi yetu.

Mchezo huu, bila shaka, hauko Isiolo pekee. Ukipanda kwenye mapaa ya nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar, utakuta mikeka, mito, taa za shaba na milango iliyochongwa; kila kitu cha Kiswahili kimewekwa mezani isipokuwa lugha yenyewe. Tofauti ni kwamba mpishi wa Zanzibar akishuka ngazi hukikuta Kiswahili chake barazani kikiwa salama kama alivyokiacha. Isiolo hakina wenyewe wa kukirithi kwa damu. Kimekaa pale kwa sababu watu wa lugha nyingi walikubali kukitumia pamoja, na wakiacha kukitumia pamoja hakuna mahali pengine kitakapojificha.

Wala isisemwe kwamba hakina maneno. Lugha ya Kiswahili ni mpishi wa siku nyingi. Kinajua kuchoma, kubanika, kuoka, kukaanga, kuchemsha, kutokosa na kuunga, na kila tendo lina jiko lake. Kilichukua meza kutoka kwa Wareno, sahani kutoka kwa Waarabu, chapati na bajia kutoka kwa Wahindi. Hata neno hoteli tulilitwaa kwa Waingereza, na hapa Kenya tukaligeuza tupendavyo: kwetu hoteli ni pa kula kwanza, na anayetaka kulala huambiwa atafute lojing'i. Lugha iliyothubutu kumnyang'anya Mwingereza hoteli yake inashindwaje kuandika mbavu za mbuzi?

Lawama ninazotoa haziwahusu wenye hoteli zaidi ya zinavyotuhusu sisi walimu. Msimamizi yule hakuzaliwa na amri ile mdomoni. Alisoma shule zetu. Wengi wa rika langu wanakumbuka kile kidude tulichokiita diski, kilichovishwa mwanafunzi aliyesikika akisema lugha ya kwao, akatembea nacho mpaka amkamate mwenzake. Ngũgĩ wa Thiong'o ameandika juu ya adhabu za namna hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1986, nasi humsoma na kusikitika, kisha tukiingia ukumbi wenye viti vya kitambaa tunajivisha diski sisi wenyewe. Tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985 Kiswahili kimekuwa somo la lazima na la kutahiniwa. Wanafunzi wamekipasi kwa maelfu. Kisha wanapopata mshahara wa kwanza na kualikwa chakula cha jioni, wanakiacha mlangoni pamoja na viatu vyenye vumbi.

Nimeamua kuanza na wanafunzi wangu. Likizo ijayo nitakuja na baadhi yao, kila mmoja na daftari lake, wakae katika hoteli za chini kuanzia chai ya alfajiri hadi magari ya usiku yaondokapo. Wasisahihishe mtu. Wasikilize nani anamwita nani ndugu, nani anabadili lugha na kwa nini, na bei ya chai inapatanwaje baina ya Msamburu na Mmeru. Nawaomba walimu wa Isiolo wafanye hivyo na vidato vyao. Haihitaji fedha zaidi ya bei ya kikombe. Mwanafunzi akiweza kueleza kwa nini mzee alisema "mbuzi yetu" na si "mbuzi wetu," atakuwa ameielewa sarufi ya ngeli kuliko aliyekariri jedwali zima.

Kuhusu ukumbi wa juu, nilirudi huko jioni ya pili na nikaagiza kwa Kiswahili, kwa sauti. Kijana alitazama kwanza upande wa msimamizi, kisha akaandika. Alipomaliza zamu tuliketi pamoja chini, kwenye benchi la muuza chai, tukaitafsiri orodha yote ya vyakula, yeye akitaja jinsi kila kitu kinavyopikwa nami nikitafuta kitenzi. Kwenye nyirinyiri tulibishana kidogo kama inahitaji maelezo. Yeye alishinda, tuliiandika hivyo hivyo, neno moja.

Nilimkabidhi mwenye jumba karatasi hiyo asubuhi ya kuondoka kwangu. Aliisoma hadi mwisho akiwa amesimama, akaniuliza itamgharimu kiasi gani kuichapisha nyuma ya ile ya Kiingereza. Nilimwambia ni gharama ya wino. Akaikunja, akaitia mfukoni mwa shati, akasema tutaonana nikirudi.